Breki Mpya za Dereva

Je, umewahi kupanda gari linaloendeshwa na watu wawili, mmoja kwa mikono na miguu, mwingine kwa mdomo? Kama hujawahi, basi hujapanda gari la Dereva akiwa na mkewe pembeni.

Dereva ndivyo alivyoitwa mtaa mzima, hata na watoto ambao hawakujua aliwahi kuendesha nini. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa la hospitali tangu ndevu hazijamwota sawasawa mpaka zikawa nyeupe, na katika umri wote huo hakuwahi kugonga hata kuku. Alipostaafu akanunua gari dogo, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa. Kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia paa kushuka chini, kabla yeye mwenyewe hajanawa uso. Mkewe, ambaye kazi yake ni kufua na kukunja mashuka ya zahanati, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ana mke mwenza mwenye magurudumu manne, tena mwenzie ndiye anayeogeshwa kwanza.

Hayo ya mdomo yalianza bila mtu kuyapanga. Jioni moja walikuwa wanatoka kumjulia hali mgonjwa. Mbele kulikuwa na taa za barabarani, nyekundu wee, na Dereva hakupunguza mwendo. Mkewe alifungua kinywa apige kelele. Lakini alipomtazama akaona alivyonyoosha shingo mbele, kama mtu anayejaribu kusikiliza redio ya jirani. Badala ya kelele akasema, kwa sauti ya maongezi tu:

"Taa hizi nyekundu siku hizi zinakaa! Mtu anaweza akazaa hapa akamaliza na arobaini."

Mguu wa Dereva ukaenda kwenye breki palepale. "Zinakaa kweli," akajibu, na gari likasimama juu ya mstari.

Tangu siku ile mama yule akawa hanyamazi garini. Palipokuwa na tuta, alisema watu wa barabara hawana huruma na migongo ya wazee. Palipokuwa na mtu anavuka, alisema, "Mama yule na ndoo yake, kiuno kitamdai." Lori likisimama ghafla mbele yao, aliisoma kwa sauti namba ya nyuma yake, akashangaa jinsi ilivyofanana na namba ya simu ya wifi yake. Binti yao alipopanda nyuma siku moja alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, umekuwa redio yenye betri mpya!" Mama akacheka naye. Dereva hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

Wala hawakulizungumza jambo lenyewe, hata chumbani, hata taa ikishazimwa. Yeye hakusema, ninaona kwa ajili yako. Mume hakusema, nionee. Nyumbani mke alimwona akitia ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe wakati wa kumimina chai, ajue imefika wapi. Alimwona akiliamkia koti la jirani lililoanikwa kambani, kisha akaja ndani akilalamika kwamba jirani siku hizi anajisikia, salamu haitikii. Mke alicheka, halafu akaenda uani akajifanya anaanua nguo, kumbe anafuta macho. Pale zahanati daktari wa macho alikuwa akija mara mojamoja, na mara mbili mama alimwandikisha mumewe. Mara zote mbili mzee alikuwa na safari.

"Macho yangu yana kazi," alimwambia, "hayana ugonjwa. Na ukishaingia kwa watu hawa hutoki na leseni yako."

Kisha akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe, geti aliloingilia kila siku. Alikuwa ametoka peke yake kununua mkate. Mkewe alisikia kishindo, akakimbia nje na povu la sabuni mikononi, akamkuta ameinama anapapasa taa ya mbele iliyopasuka.

"Breki," alisema Dereva bila kuulizwa.

Baada ya hapo akapanda ukingo wa barabara mbele ya duka, watu wa barazani wakatawanyika kama vifaranga. Breki. Zikawa breki hizo hizo asubuhi na jioni, mara zimelegea, mara zimekuwa kama ahadi za mlevi. Na mkewe, Mungu amsamehe, aliitikia. Alisema, ndiyo, hata mimi nilizisikia zikilia.

Labda mambo yangekwenda hivyo hivyo, mdomo na miguu, mpaka siku ambayo Mungu mwenyewe angeamua. Lakini binti yao, ambaye ni muuguzi, alibadilishiwa zamu, na mumewe alikuwa na gereji ya kufungua mapema. Mtoto wao, Kidoti, ndiyo kwanza aingie darasa la pili, na shule iko mbali, ng'ambo ya barabara kubwa. Nani atampeleka?

"Mimi nipo," alisema Dereva, na uso ukamng'aa kama wa bwana harusi. "Nilibeba wanaokata roho nikawafikisha. Nitashindwa kumbeba mjukuu wangu na mkoba wake? Kuanzia Jumatatu."

Wote wakashukuru. Mkewe peke yake alikuwa anapiga hesabu moyoni. Yeye huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, maana mashuka yanatakiwa yawe yamekunjwa wagonjwa wakianza kuingia. Hiyo Jumatatu, garini atakuwa nani? Mzee na mtoto. Kidoti alijua kuongea, tena sana, lakini maongezi yake yalikuwa ya paka na ya mwalimu mwenye kucha ndefu. Hakujua kuongea kwa ajili ya uhai wa watu.

Jumamosi wakalipeleka gari kwa mkwe wao, yule fundi mwenye gereji.

"Baba, nikuwekee pedi za kawaida," alisema fundi akiwa amechuchumaa karibu na tairi. "Zinatosha kabisa gari hili."

"Niwekee zile kali. Zile wanazofunga vijana kwenye magari yao ya mbio."

"Za mbio, baba? Unataka kumkimbiza nani?"

"Nani kasema nataka kukimbia? Nataka kusimama. Anayekimbia peke yake haulizwi breki. Anayebeba mtoto wa watu ndiye anayeulizwa."

Fundi akamtazama mama mkwe wake, kisha akatazama spana yake, akainamia kazi. Alikuwa fundi msafi. Alipandisha gari kwa jeki, akaweka vigogo chini kwa usalama, akatoa tairi. Alipofungua kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, hakuiacha ining'inie kwa mpira wake, aliifunga juu kwa kipande cha waya. Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, akaifuta kwa kitambaa na dawa mpaka ikang'aa kama sinia la wageni, na pedi mpya akazishika kwa kingo tu, asiziguse usoni kwa vidole vya mafuta. Mama alikaa juu ya tairi kuukuu akatazama yote hayo. Alipenda kutazama kitu kikifanywa vizuri.

Dereva alipokwenda nyuma ya gereji kunawa, fundi akasogea. Kiganjani alishika pedi za zamani.

"Mama, tazama hizi."

Akatazama. Nyama ya breki bado ilikuwa nene.

"Hizi zilikuwa na maisha marefu," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Hazikuwa na tatizo lolote."

"Umemwambia?"

"Mama, mimi nimeoa binti yake. Nitasimama mbele ya baba mkwe nimwambie breki zako nzima? Ataniuliza, sasa kibovu ni nini? Nitajibu nini mimi?" Akazifunga pedi ndani ya kipande cha gazeti. "Ninyi ndio mnaolala chumba kimoja. Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Mdomo wangu una kazi nyingine," alisema mama.

Sauti ya maji ikakatika kule nyuma, na fundi akarudi kwenye tairi upesi kama mtu aliyefumaniwa.

Kazi ilipokwisha aliwapa maelekezo, na kwa vile aliona aibu kumkazia macho baba mkwe, alimkazia mama. "Pedi hizi zikiwa mpya hazijui diski, na diski haizijui. Lazima zizoeshwe. Mtafute barabara tupu, ile ya nyuma ya maghala leo haina malori. Mnapanda mpaka themanini, halafu breki ya nguvu, lakini tairi zisifunge, mnashuka mpaka kumi hivi. Msisimame. Unaachia, unapanda tena. Kama mara nane. Zitanuka, zinaweza hata kutoa moshi kidogo, msiogope. Kisha mnatembea taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Neno moja tu: zikiwa za moto msisimame mguu ukiwa juu ya pedali, wala msivute breki ya mkono. Pedi itaacha alama kwenye diski kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Lakini baba, niachie mimi nikazizoeshe, nirudi na gari jioni."

"Kiatu kipya huzoeshwa na mwenye mguu," alisema Dereva, na alikuwa ameshaingia garini.

Mama akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akakaa. Fundi aliushika mlango kidogo kabla ya kuufunga. Aliufunga kwa mikono miwili, taratibu, kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Barabara ya maghala ilikuwa ndefu na imenyooka, upande mmoja ukuta wa matofali, upande mwingine maghala yenye milango ya mabati. Siku ya kazi haipitiki kwa malori. Siku ile palikuwa na mlinzi mmoja tu, amelala kwenye kiti chake na kofia usoni. Jua lilikuwa kali, na mistari ya barabara ilikuwa imefutika zamani.

Dereva akasimamisha gari mwanzoni, akafuta viganja kwenye suruali.

"Mama watoto, nisomee mshale wa spidi," alisema. "Ukifika themanini niambie, na nikishuka ukifika kumi niambie. Dereva wa kweli hatazami saa, anatazama njia."

Hapo ndipo mama alipoelewa kwamba mumewe naye alikuwa amepiga hesabu zake. Kwa maana tuta unaweza kulisema kwa kulisengenya, na taa nyekundu unaweza kuisingizia uzembe. Themanini utaisema vipi kimafumbo? Themanini ni themanini.

"Haya," akasema.

Gari likaondoka. "Arobaini. Sitini. Sabini. Themanini." Mguu ukashuka, na pedi mpya zikateleza kama sabuni, gari likapungua mwendo kwa uvivu. "Thelathini. Ishirini. Kumi." Akaachia, akapanda tena. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mama akasikia mkanda unamkaza kifuani, breki zimeanza kuuma. Walipofika mwisho wa ukuta Dereva akageuza gari kwenye kiwanja cha changarawe bila kusimama, kwa mkono mmoja, duara moja safi, na wakarudi walikotoka.

Na nikuambie ukweli, mama yule alifurahi. Miguu ya mumewe haikuwa imezeeka. Ilijua kukanyaga mpaka pale tairi zinapotaka kulia, ikaishia hapo hapo, haizidi hata unyoya. Alimwona kijana aliyemwoa, aliyekuwa akipita na king'ora mchana kweupe na kumkonyeza bila kugeuza shingo. Harufu ikaingia madirishani, harufu ya nywele zilizopitiwa na chuma cha moto, na moshi mwembamba ukapanda kwenye gurudumu la mbele.

"Zinanuka," alisema.

"Ziache zinuke! Unazisikia zinavyokamata sasa?" Mzee alikuwa anacheka kwa sauti. "Nilikuambia ni breki. Sikukuambia? Jumatatu Kidoti atakaa hapo ulipokaa, atadhani yuko kwenye kochi la sebuleni."

Furaha ikamtoka mama kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Jumatatu. Yeye atakuwa ananyoosha mashuka, anakunja mara mbili, mara nne, na kila honi itakayolia barabarani itampasua. Akatazama mikono ya mumewe, jinsi ilivyoshika usukani kwa amani. Amani ile yote ilikuwa imetoka kinywani mwake yeye. Akasema moyoni: ngoja nimpe Jumatatu leo, hapa pasipo na watu.

Gari likaanza kupanda kwa mara ya sita au ya saba. Arobaini, na hakusema. Sitini, hakusema. Sikio la mumewe likamgeukia kidogo, kama la paka. Themanini ikafika, mshale umesimama juu yake kabisa. Mama akauma ulimi.

Mguu haukushuka.

Mshale ukapita themanini. Ukuta wa matofali ukawa kamba moja nyekundu. Dereva akakunja uso, akanyoosha shingo mbele, akasubiri. Akaendelea kusubiri. Ndipo, kutoka kwenye mwanya kati ya maghala mawili, akatokea mtu anasukuma baiskeli iliyofungwa madumu matupu ya manjano, yamepandana juu na ubavuni mpaka baiskeli haionekani. Kitu cha manjano namna ile, kikubwa kama kibanda, hata aliyefumba jicho moja angekiona. Mtu yule aliingia barabarani bila wasiwasi, maana barabara ilikuwa tupu, na gari lilikuwa mbali bado, na dereva wa gari bila shaka anamwona.

Mguu haukushuka.

Mama akafungua kinywa, na mazoea yakamtangulia. "Baba yule na madumu yake," alianza, kwa ile ile sauti ya maongezi, "sijui hata anakwenda kuchota maji ya—"

Akasikia maneno yake mwenyewe yalivyo marefu.

"Simama!" akapiga kelele. "Mtu! Simama, simama!"

Dereva alisimama. Alikanyaga kwa mguu wote na mgongo wote, kiti kikalia. Tairi zikapiga ukunga, mkanda ukamkata mama begani, na gari likaganda palepale kama limefungwa kamba kwa nyuma. Likatulia. Baiskeli ikayumba, dumu moja likachomoka kwenye kamba zake, likadunda juu ya boneti, po, po, likabiringika mpaka kwenye kioo na kubaki hapo likiwatazama.

Mwenye baiskeli hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama tu, mikono kwenye usukani wa baiskeli, na paja lake karibu liguse bampa. Alipopata sauti aliipata yote.

"Mzee! Hayo ni macho au vifungo vya shati? Madumu yote haya hukuyaona? Nivae nini, nijifunge jua kichwani? Na wewe mama unacheka nini?"

Mama hakuwa anacheka. Ni meno yaliyokuwa yanagongana.

"Tusamehe, mwanangu," alisema dirishani. "Tusamehe sana. Kosa ni letu."

"Kosa lenu, na maiti ingekuwa yangu!" Akachukua dumu lake kwenye boneti, akalitazama kama lina jeraha, akaondoka akisukuma, anageuka nyuma kila baada ya hatua chache, anasonya.

Moshi ulikuwa unapanda pande zote mbili za boneti. Mguu wa Dereva ulikuwa bado umekandamiza pedali.

"Zimeshika," alisema.

"Zimeshika."

"Umeona zilivyoshika?"

"Nimeona, baba watoto. Achia mguu. Fundi alisema tusisimame zikiwa za moto."

Hakuachia. "Hukusoma themanini," alisema.

"Sikusoma."

"Ulipitiwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limelainika, la kuteleza, kama yale yote ya miezi ile. "Sikupitiwa," alisema. "Nilinyamaza."

Dereva akaachia pedali. Gari likasogea kidogo peke yake. Akatia gia, wakaondoka polepole, hakugusa breki tena, na njia nzima mpaka gereji mama alisema mambo manne tu: kushoto, tuta, mtu, kulia. Bila hadithi. Mumewe aliyafuata moja moja. Hakuuliza mbona hasimulii.

Kwenye kona ya gereji ilibidi akanyage. Pedali ikatetemeka chini ya kiatu chake, na usukani ukacheza kama mikono ya mtu mwenye homa. Wote wawili waliusikia mtetemo ule.

Fundi naye aliusikia kwa kuutazama tu. Alipiga goti kwenye gurudumu la mbele, akachungulia kati ya mianya, na pale kwenye diski palikuwa na doa la rangi ya samawati, umbo la pedi kamili.

"Mmesimama zikiwa za moto," alisema.

"Mbuzi," alisema Dereva. Alikuwa ameshashuka, amesimama na mkono mmoja juu ya paa la gari. "Mbuzi alikatiza. Mama yenu akapiga kelele, nikashtuka nikasimama. Wanawake na kelele, unajua mwenyewe."

Kidoti akatoka mbio ofisini kwa baba yake, penseli sikioni kama yeye. "Babu, linanuka! Babu, Jumatatu nakaa mbele, sivyo? Bibi, mwambie nakaa mbele!"

Fundi hakuinuka pale alipopiga goti. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake. Na mama akajua kwamba mkwe wake angekubali huyo mbuzi. Angemkubali kwa heshima zote, angeuliza hata alikuwa wa rangi gani, kisha Jumatatu angemfunga mtoto wake mkanda kwa mikono yake mwenyewe na kuufunga mlango taratibu.

"Hakukuwa na mbuzi," alisema.

"Mama watoto," alisema Dereva.

"Kulikuwa na mtu. Ana madumu ya manjano, mzigo mkubwa kama nyumba. Baba yako hakumwona." Fundi alijiinua, akaokota spana, akataka kuondoka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. "Kaa, mwanangu. Usiende. Ulisema mimi ndiye mwenye mdomo. Na mimi nina kosa langu. Nilinyamaza makusudi, nione kama ataona. Nimecheza na roho ya mtoto wa watu. Breki zilikuwa nzuri. Zile za zamani zilikuwa nzuri, na hizi ni nzuri zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa namwonea njia, kila siku, kwa maneno ya kijinga. Na Jumatatu sitakuwepo."

Alikuwa anaongea na fundi, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe. Aliogopa. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumvua nguo mbele ya mtu, na sasa alikuwa amemvua mbele ya mkwe.

Kidoti akatazama huyu, akatazama yule. "Kwani babu haoni?" akauliza.

Baba yake alimshika bega akamsogeza karibu na mguu wake.

Dereva alitoa mkono kwenye paa la gari. Akatafuta kwa mguu lile tairi kuukuu alilokalia mkewe asubuhi, akaligusa kwa ncha ya kiatu, akakaa. Ilimchukua muda. Alipokaa alionekana mfupi.

"Doa hilo linatoka?" akamwuliza fundi.

"Linatoka, baba. Nitazisugua diski kwa msasa, kisha nizizoeshe upya mimi mwenyewe. Zitakamata vizuri tu. Breki hazina neno."

"Najua hazina neno." Barabarani pikipiki ilipita, na yeye akageuza uso kuifuata, akaufuata mlio mpaka ukapotea. "Mtoto wenu mtafutieni mtu mwingine wa kumpeleka. Mimi msinisubiri."

"Sawa, baba," alisema fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mama akaja akachuchumaa mbele ya mumewe, magoti yakalia. Alingoja amtukane. Alikuwa tayari kwa hilo. Mzee alinyoosha mkono, ukapita kidogo pembeni ya uso wake, ukarudi, ukampata shavuni.

"Mimi nilikuwa nataka iwe breki," alisema. "Kila siku nikiamka, mama watoto. Nilitaka sana iwe breki."